Mara Sita za Alhamisi

Ijumaa, saa nane kasorobo mchana, Inspekta Hilary Thackray aliegesha gari nyuma ya hoteli ya bustani ya michezo ya Skelbeck, akazima injini na kubaki amekaa. Ilikuwa ikinyesha mvua ya Yorkshire, ile ya kukera, ambayo si kubwa ya kumfanya mtu akimbie wala si ndogo ya kumfanya asahau mwavuli. Usiku uliopita alikuwa amelala saa mbili tu. Alijichunguza kama ana njaa, au huzuni, au hata hasira, akakuta hakuna kitu. Kazi ndiyo iliyokuwapo.

"Tumebakiwa na saa nne na robo, afande," alisema Konstebo Imran Lodhi kutoka kiti cha pembeni.

"Najua kusoma saa, Imran."

Zbigniew Wrona, fundi seremala wa bustani, alikuwa mahabusu tangu jana saa kumi na mbili jioni. Ikifika saa hiyo leo, ama ashtakiwe ama aachiwe, na mkuu wao wa upelelezi alikwisha kusema kwamba atashtakiwa kwa mauaji. Karatasi zilikuwa tayari mezani kwake, zinasubiri sahihi.

Kesi yenyewe, ukiitazama kijuujuu, ilikuwa imenyooka. Rosalind Cobb, mwanamke wa miaka sitini na moja, katibu wa Klabu ya Wapenzi wa Rolakosta, yale matreni ya burudani yanayopanda na kuporomoka kwenye reli, alikutwa amekufa chini ya ngazi ndani ya Nyumba ya Mjane. Hiyo ni nyumba ya vitisho. Watu hulipa kiingilio ili wafukuzwe gizani na wenzao waliopakwa damu ya bandia. Ilikuwa imekarabatiwa upya na ilitakiwa kufunguliwa leo. Daktari alisema alikufa Alhamisi kati ya saa tano na saa sita mchana, kwa kuanguka kinyumenyume. Michubuko miwili kifuani ilionyesha kwamba alisukumwa. Ufunguo alikuwa nao Wrona peke yake. Na Jumatatu, mbele ya watu, Wrona alimfokea Rosalind kwamba atamvunja shingo, kwa sababu picha za siri za ukarabati zilikuwa zimevuja mtandaoni na yeye aliamini Rosalind ndiye aliyezivujisha.

Wrona alisema alimfungulia Rosalind mlango saa tano kasorobo ili aikague nyumba taa zikiwa zinawaka, aiandikie makala ya jarida la klabu, kisha akarudi karakana. Huko alikuwa peke yake. Mkuu wa upelelezi hakuamini hata neno moja.

Thackray naye hakuwa na la kuamini. Ila alikuwa ameukagua mlango wa dharura wa nyumba ile mara tatu. Kutoka nje haufunguki, lakini aliye ndani akiusukuma tu, unafunguka. Yaani Rosalind mwenyewe angeweza kumwingiza mtu.

"Twende tukawasikilize," alisema.

Ukumbi mdogo wa hoteli ulikuwa na watu kama arobaini, wengi wao wa makamo, wamevaa fulana zenye picha za matreni. Mezani kulikuwa na chai, mikate ya nyama na sahani za chipsi zilizokwisha kupoa. Mkutano wao wa mwaka huchukua wiki nzima, na walikuwa wamekubaliana kuuendeleza, kwa heshima ya marehemu, walisema. Pengine hawakujua tu wafanye nini kingine. Kiti cha katibu kilikuwa kitupu na juu yake wameweka koti lake la mvua. Hakuna aliyelia. Walikuwa wanaongea kama kawaida, kwa sauti ya chini kidogo.

"Mwakani wanaleta treni la kuning'inia, miguu hewani," mwanamume mmoja alikuwa akisema. "Nimeona mashimo ya nguzo."

"Desmond, wewe kila mwaka unaona mashimo. Mwaka juzi ulituonyesha shimo likawa la choo."

"Choo kizuri lakini."

"Mimi nataka walishughulikie treni la Bundi kwanza," mwingine alisema. "Viti vipya, sawa, lakini ile kona ya tatu bado inakuvunja mbavu."

"Na hizi nyumba za vitisho siku hizi ni moshi na kelele tupu. Mwaka jana yule mwenye msumeno alinisalimia kwa jina. Akaniuliza mguu unaendeleaje."

Kicheko kilianza kikafa chenyewe. Thackray na Lodhi walikaa nyuma. Mwanamke mzee aliyevaa kofia ya sufu alisogeza sahani ya chipsi upande wao.

"Kuleni, wanangu. Zimepoa, lakini ni chipsi." Alijitambulisha kwa jina la Mavis Garside.

Thackray alikula moja kwa adabu. Jicho lake lilikuwa kwenye mkono wa koti la yule Desmond, ambako kulikuwa na doa jekundu lisilokauka vizuri. Ngazi za Nyumba ya Mjane zilipakwa rangi nyekundu Jumatano. Alimwita Desmond Farrar koridoni.

"Hiyo rangi umeipata wapi?"

"Hii?" Farrar aliitazama kwa majivuno ya mtu aliyeulizwa kuhusu mtoto wake. "Nguzo namba saba ya Bundi. Wanaipaka upya. Niliigusa ili nijue ni rangi ya aina gani."

"Na ngazi za Nyumba ya Mjane?"

"Ile ni rangi ya maji, Inspekta. Isugue kwa kitambaa chenye maji inatoka. Hii ni ya mafuta, imeniharibia koti la pauni themanini." Alitoa simu kabla hajaombwa. "Na jana saa tano mpaka saa sita nilikuwa nje ya uzio, kwenye njia ya waenda kwa miguu, napiga picha za mashimo. Hizi hapa. Thelathini na nane, na saa zake."

Lodhi alizipitia zote. Zilikuwa thelathini na nane kweli, na zote za mashimo.

"Hizo picha za Nyumba ya Mjane zilizovuja nazo ni zako?" Thackray aliuliza.

"Mimi natia jina langu kwenye picha zangu," Farrar alisema, safari hii bila mzaha. "Na mimi sivunji ahadi. Tulioingizwa kuona ukarabati Jumapili tulikuwa kamati tu, watu watano, na tuliahidi bustani hatutapiga picha. Anayekamatwa anafungiwa maisha. Hakanyagi tena Skelbeck."

Waliporudi ukumbini, watu walikuwa wanasimama mmoja mmoja. Thackray alimwinamia Mavis.

"Wanafanya nini?"

"Tunaitika, mwanangu. Kila siku ya mkutano, mtu anasimama, anataja jina lake na mara alizompanda Bundi tangu siku ya kwanza. Katibu anaandika. Leo naandika mimi." Sauti yake haikubadilika. "Jana hatukuitika. Mlikuwa mmekuja ninyi."

Bundi ndilo treni kuu la Skelbeck, linalovutwa mpaka kileleni mwa mlima wa chuma kisha linaachiwa. Farrar alikuwa amelipanda mara mia tisa na tatu. Mavis, ambaye ana miaka sabini na tatu na nyonga ya chuma, mara elfu mbili mia mbili na sita. Mwisho alisimama mwenyekiti, mwanamume mrefu mwenye sweta la kijivu na daftari dogo lililofungwa kwa mpira.

"Clive Umpleby. Elfu nne mia tisa tisini na moja."

Walipiga makofi, ya taratibu.

"Tisa zimebaki," Mavis alimnong'oneza Thackray. "Kesho anatimiza elfu tano. Bustani imemtengenezea kibao cha shaba chenye jina lake, kinawekwa kwenye kiti cha mbele. Rosalind ndiye aliyemwombea."

Thackray alikuwa amekwisha kumhoji Umpleby jana. Alhamisi kati ya saa tano na saa sita, alisema, alikuwa anampanda Bundi mara sita mfululizo, kiti cha mbele. Mwendeshaji wa treni alithibitisha. Kamera inayopiga picha abiria ilikuwa mbovu tangu Jumapili. Basi jina la Umpleby likawekwa kando.

"Mama Mavis, daftari la kuitikia la Jumatano liko wapi?"

"Si mlilichukua ninyi? Lilikuwa kwenye mkoba wake."

Lilikuwa garini, ndani ya mfuko wa ushahidi. Lodhi alikimbia mvuani akalileta. Mwandiko wa Rosalind ulikuwa wa duara, mzuri. Jumatano, mbele ya jina la Umpleby, alikuwa ameandika 4,985.

Thackray aliitazama tarakimu hiyo, kisha akarudi kwa Mavis.

"Jana alasiri mlimpanda?"

"Saa tisa. Klabu ilipewa Bundi peke yetu kwa nusu saa. Hatukujua bado. Maskini alikuwa amelala kule chini na sisi tunapiga makelele." Mavis alikunja mikono mapajani. "Clive alipanda sita. Nilikuwa nyuma yake zote. Hakupiga kelele, lakini mikono aliinua, kama kawaida yake."

"Mtu anaweza kukosea hesabu?"

"Mimi naweza. Clive hawezi."

"Treni likikwama katikati?"

"Haihesabiwi. Lazima lirudi stesheni."

"Na mtu akiongeza? Akidanganya mara mbili tatu tu?"

Mavis alimtazama kana kwamba ametukana. "Nani atajua, ni kweli. Lakini wewe mwenyewe utajua. Sasa utakuwa umempanda kwa nini?" Kisha akaongeza, "Rosalind alikuwa hivyo hivyo. Jumatano aliniambia, Mavis, nimemjua aliyevujisha picha. Nikamwuliza nani. Akasema nitazungumza naye kwanza uso kwa uso, ni haki yake, kisha nitawaambia bustani."

"Kwa nini hukutuambia hili jana?"

"Jana mliniuliza kama alikuwa na adui. Hakuwa na adui."

Kosa lilikuwa la Thackray.

Kibanda cha mwendeshaji wa Bundi kilikuwa mwendo wa dakika tano. Shaun Tordoff alikuwa humo ndani na kikombe cha supu, analinda treni ambalo polisi walikuwa wamelifunga.

"Jana ulisema Clive Umpleby alipanda saa tano hadi saa sita."

"Alikuwepo, ndiyo."

"Ulimwona amekaa kitini? Ulikikagua chuma kinachomfunga abiria mapajani?"

"Alinisalimia. Alikuja jukwaani akaniambia vipi, Shaun. Mimi nikamwambia vipi, Clive." Tordoff aliweka kikombe chini. "Afande, Clive yupo hapa kila siku. Kuniuliza kama alipanda ni sawa na kuniuliza kama reli ilikuwepo."

"Kwa hiyo hukumwona kitini."

"Sasa unavyouliza hivyo... hapana. Sikumbuki kitini."

"Treni lilikwama asubuhi hiyo?"

"Halikukwama hata mara moja."

Walirudi hotelini wakiwa wamelowa. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini. Thackray aliomba chumba, akapewa stoo ya viti. Alipanga viti vitatu na meza ya kukunja, na Umpleby akaletwa. Lodhi alimsomea haki zake: kwamba halazimiki kusema kitu, na kwamba anaweza kuita wakili. Umpleby alisema wakili wa nini. Alikaa wima, daftari mapajani.

"Clive, tuanze na vitu vyepesi. Jumatano uliitika ngapi?"

"Elfu nne mia tisa themanini na tano."

"Jana saa tisa ulipanda mara ngapi?"

"Sita. Watu wote waliniona."

"Na jana asubuhi, saa tano mpaka saa sita?"

"Sita. Nilikwambia jana."

"Leo je?"

"Leo Bundi amefungwa. Mmemfunga ninyi."

Mtu anayehesabu maisha yake yote hahitaji kuhesabiwa. Umpleby alitazama meza, midomo ikacheza kidogo, kisha rangi ya uso ikamtoka polepole.

"Leo umeitika tisini na moja," Thackray alisema. "Zingekuwa tisini na saba."

"Nimekosea kujumlisha."

"Inawezekana. Mimi hesabu za shule zilinishinda. Naomba daftari."

Aliliachia kwa shida. Kila ukurasa ulikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula: tarehe, saa, kiti, hali ya hewa. Ya mwisho ya Jumatano ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini, kiti cha mbele, mawingu. Mstari uliofuata ulikuwa wa Alhamisi, saa tisa na dakika tano alasiri. Hapo katikati hapakuwa na nafasi hata ya unywele.

"Hujaziandika za asubuhi."

"Nilisahau. Kwa ajili ya... kwa haya yaliyotokea."

"Saa tisa hayakuwa yametokea, Clive. Rosalind alikutwa saa kumi na nusu."

Nje, mtu alikuwa anaburuta meza ukumbini.

Thackray aligeuza ukurasa mweupe, akaweka kalamu juu yake, akalisogeza daftari upande wa pili wa meza. "Basi sahihisha. Andika hizo sita. Saa, kiti, hali ya hewa, halafu utie sahihi. Hesabu yako itakuwa tisini na saba, itaafikiana na maelezo uliyotupa jana, na sina swali jingine. Tena kesho utahitaji tatu tu badala ya tisa."

Lodhi alimtazama bosi wake, kisha akatazama saa. Saa kumi na dakika tano. Kama huyu mtu angeandika mistari sita, ambayo hata mtoto wa shule angeiandika kwa dakika moja, Wrona angeshtakiwa jioni ile.

Umpleby alichukua kalamu. Aliandika tarehe kwa mwandiko safi. Aliandika saa: tano na dakika nne. Aliandika kiti: mbele. Kalamu ilifika kwenye safu ya hali ya hewa ikasimama. Wino ulianza kutengeneza doa. Aliinua kalamu, akaigusisha tena karatasini, akainua.

Zilipita dakika mbili. Thackray hakumharakisha.

"Siwezi," Umpleby alisema.

"Huwezi nini?"

"Sikumpanda." Alipiga mstari juu ya alichokiandika, mstari mmoja ulionyooka, akaweka kalamu pembeni ya daftari. "Asubuhi sikumpanda."

"Ulikuwa wapi?"

"Aliniita yeye. Alinifungulia mlango wa dharura. Taa zilikuwa zinawaka, kila kitu kinaonekana, hadi gundi kwenye mawigi. Nilimwambia nilipiga picha nne tu, Rosalind, nilimtumia mtu mmoja tu, yeye ndiye aliyezitandaza. Akasema pole, Clive, lazima niwaambie leo, fundi wa watu analaumiwa bure na mimi ninatukanwa bure. Nikamwambia asubiri mpaka Jumapili. Siku tatu tu. Akasema hapana, haiwezekani uwekewe kibao Jumamosi na bustani haijui." Aliongea kama anayesoma ratiba. "Nilimsukuma kutoka njiani, nilitaka kupita tu. Nyuma yake kulikuwa na ngazi. Nilijua kuna ngazi."

"Ulimwangalia?"

"Nilitazama kutoka juu. Nikatoka kwa mlango ule ule. Nikaenda kwa Bundi, Shaun akanisalimia. Nilikuwa natetemeka, na sheria yao hairuhusu kupanda ukiwa hivyo. Nikakaa kwenye benchi la watu wanaosubiri wenzao. Nilikaa mpaka saa saba."

"Na saa tisa ukapanda."

"Saa tisa nilikuwa nimeacha kutetemeka."

Lodhi aliandika yote, akamsomea, na Umpleby akasahihisha tarehe moja. Kisha akatia sahihi. Thackray alitoa simu akampigia sajini wa mahabusu palepale, bila kutoka chumbani.

"Wrona aachiwe. Ndiyo, sasa. Mkuu nitaongea naye mimi. Mrudishie mkanda na kamba za viatu, na mtafutie gari la kumpeleka kwake, asirudishwe kwa basi. Mwambie kwamba namwomba radhi, na nitakwenda kumwambia mwenyewe." Alisikiliza. "Hajasema kitu? Sawa. Mpe tu viatu vyake."

Alikata simu. Alitegemea kwamba hapo angehisi kitu, angalau wepesi wa mabega. Alihisi kwamba soksi zake zimelowa.

"Simama, Clive."

Umpleby alisimama. Lodhi alimfunga pingu kwa mbele, kwa upole, kwa kuwa hakukuwa na sababu ya kufanya vinginevyo. Mlangoni, Umpleby aligeuka.

"Inspekta, naomba kuuliza. Kibao chao kimekwisha kuchongwa. Kama Bundi akifunguliwa kesho, nikisindikizwa na askari, hata alfajiri kabla ya watu kuingia... ni tisa tu. Ni dakika arobaini na tano."

"Hapana," Thackray alisema.

"Wiki ijayo?"

"Hapana, Clive. Hutampanda tena."

Alisimama pale, anamtazama Inspekta, kisha anatazama daftari lililobaki mezani. Ndipo Clive Umpleby alipoanza kulia, kwa sauti, mabega yakimtikisika, mara ya kwanza tangu Rosalind Cobb afe. Thackray alimpa tishu, akasubiri amalize.